Kutoka kanda ya VHS hadi MP4: Kahama ilivyogeuza video zake, na tulichopoteza njiani

Nimekuwa kimya hapa kijiweni kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kublogu. Hapana. Kazi ya gazeti ilinibana, halafu nikaenda nyumbani Kahama kwa shughuli ya kifamilia. Huko ndiko nilikokutana na swali lililonifanya niandike haya.

Mtoto wa dada yangu ana miaka sita. Hakumkuta bibi yake, yaani mama yangu, aliyefariki mwaka 2011. Jioni moja akaniambia, "Mjomba, nasikia una video ya bibi. Nioneshe." Nikatoa simu, nikamfungulia. Akatazama kimya, akasogeza uso karibu na kioo, akarudi nyuma, kisha akauliza: "Mjomba, mbona bibi hana macho?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtoto. Nyinyi ninaweza kuwapa, lakini ni jibu refu na linaanzia kabla sijazaliwa. Ni historia ya jinsi mji mmoja ulivyohamisha picha zake kutoka kanda kwenda CD, kutoka CD kwenda simu, na kutoka simu kwenda mtandaoni. Vuta kiti.

Tuanze na jambo ambalo vijana wa leo hawaliamini ukiwaambia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Wazanzibari walikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika hazijawahi hata kuiota. Huku Bara serikali iliiona ni anasa ambayo nchi maskini haiwezi kuibeba. Lakini video haikusubiri kibali cha kituo. Sony walishatoa Betamax mwaka 1975, JVC wakatoa VHS mwaka 1976, na VHS ndiyo iliyoshinda dunia nzima. Mtu akisafiri alirudi na deki na luninga. Hakuwa na kituo cha kutazama, alikuwa na kanda.

Kwa maneno mengine, kwetu Bara video ilitangulia televisheni. Jambo hili linaeleza mengi. Wenzetu wa nchi nyingine walijifunza kutazama kile ambacho kituo kimeamua kurusha saa mbili usiku. Sisi tulijifunza kutazama kitu ambacho mtu amekibeba mkononi, amekiazima kwa jirani, amekinakili. Tangu mwanzo picha kwetu ilikuwa kitu cha kunakiliwa.

Baba anasimulia mabanda ya video ya Kahama ya miaka ya 1980 na 1990 mwanzoni. Mabati, magunia ya kuziba mwanga, mabenchi, jenereta nje linanguruma kuliko filamu yenyewe. Wateja wakubwa walikuwa vijana waliotoka machimboni na vumbi la Bulyanhulu bado likiwa kwenye nywele. Walikuwa na hela, na hawakuwa na pa kuipeleka zaidi ya pombe na Rambo. Kila mtu alijua kanuni moja: steringi hafi.

Tatizo lilikuwa lugha. Steringi anaongea Kiingereza cha puani, au Kichina, au Kihindi, na mtazamaji ni Msukuma aliyeishia darasa la saba. Hapo ndipo alipotokea mgeuzaji wa kwanza, naye alikuwa binadamu mwenye kipaza sauti. Wengi wenu mnamkumbuka Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyetafsiri filamu huku akitia chumvi, utani na mawaidha yake. Wakenya nao baadaye wakampata DJ Afro, na Waganda wana wao. Katika kazi ya Lufufu kuna kitu kilipotea, maana maneno ya mwigizaji yalifunikwa kabisa. Kuna kitu pia kiliongezeka, maana filamu ya Hong Kong ilianza kuongea kama mjomba wako. Nilikulia kwenye kanda na CD hizo. Hadi leo nikitazama baadhi ya filamu bila sauti ya Lufufu naona kama zimeharibika.

Nawaombeni mshike hilo: kila kugeuza kuna unachopata na unachoacha.

Wazazi wangu walifunga ndoa Desemba 1996. Mpiga video alikuja na kamera ya begani, ile yenye taa kali inayowafanya wageni wafumbe macho. Aliwakabidhi kanda moja ya VHS aina ya E-180, ile ya dakika 180. Saa tatu za keki, zawadi, vigelegele, wazee wa Kisukuma wakicheza hadi jasho, na wajomba wakihutubia bila kujali muda. Katikati kuna mahali mpiga video anamsogezea mama kipaza sauti na kumwambia aseme chochote. Mama anacheka, anaangalia chini, anasema: "Msinicheke, viatu vinanibana."

Basi. Hayo ndiyo maneno yote ya mama yangu yaliyobaki duniani kwa sauti yake mwenyewe.

Kabla sijaendelea na habari ya nyumbani kwetu, naomba niwakumbushe kanda nyingine za mwaka huohuo wa 1996, maana Kahama haikupigwa video kwenye harusi tu. Agosti mwaka huo wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha mradi wa kampuni iliyokuwa na wenyewe Kanada, na mashimo yakafukiwa. Yakaibuka madai mazito kwamba wachimbaji zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Mwaka 2001 wanasheria wa LEAT walidai uchunguzi huru, na kanda za video zikawa sehemu ya ubishi: zinaonesha nini hasa, zilipigwa wapi, na nani kazipiga. Tundu Lissu, Rugemeleza Nshala na Augustine Mrema wakafunguliwa mashtaka ya uchochezi. Mwaka 2002 ofisi ya CAO, inayopokea malalamiko dhidi ya miradi ya Benki ya Dunia kwenye sekta binafsi, ilitoa ripoti ambayo haikuyakubali madai ya mauaji. LEAT nao wakaikataa ripoti.

Siandiki haya ili nifufue kesi. Nayaandika kama ripota. Watu wanapobishana juu ya kilichomo kwenye kanda, kitu pekee chenye thamani ni kanda ya kwanza, ile iliyokuwa ndani ya kamera. Ukinakili VHS kwenda VHS, picha inafifia. Ukinakili nakala, inafifia tena. Nakala ya tatu haiwezi kukuambia kama kile ni kitambaa au ni mkono. Kanda ya 1996 sasa ina umri wa miaka karibu 30, na sumaku yake inachoka kila msimu wa mvua. Je, wote waliobishana wakati ule, kuna aliyeitunza ya kwanza?

Turudi nyumbani kwetu. Mwaka 2006 nilikuwa na miaka saba, na Kahama ilikuwa imeingia kwenye enzi ya VCD. Teknolojia hii ilitangazwa mwaka 1993 na kampuni za Philips, Sony, Matsushita na JVC. Ulaya na Marekani haikushika. Asia ilishika, na kwetu ilishika kwelikweli, kwa sababu CD tupu ilikuwa rahisi na deki ya Kichina ilisoma chochote utakachoitia mdomoni, hata kikiwa na mikwaruzo. Bongo muvi ilifika vijijini kwa njia hiyo. Nyimbo za mamanju wa Kisukuma, ambazo hakuna kituo kilichozirusha, zilipata picha kwa njia hiyo.

Baba akaipeleka kanda ya harusi kwenye studio moja mjini ili igeuzwe. VCD moja inabeba dakika 74 tu, kwa hiyo saa tatu zikawa CD tatu. Ya kwanza iliishia katikati ya hotuba ya mjomba, na nyumbani tulisema hiyo ndiyo faida kubwa ya teknolojia. Fundi akamwambia baba neno ambalo mafundi wote wa wakati ule walilisema: CD haiozi, kanda haina kazi tena. Baba akaiacha kanda palepale. Baadaye tulisikia imerekodiwa harusi ya watu wengine juu yake.

Simlaumu baba. Ni nani angebisha? CD ilikuwa inang'aa, kanda ilikuwa jeusi na lenye vumbi.

Sasa nivumilieni kidogo tuingie jikoni, maana bila hili hamtaelewa macho ya mama yalikwenda wapi. Video ya kidijitali ni nukta. VCD ina nukta 352 kwa upana na 288 kwa urefu, jumla 101,376 kwa kila picha, na picha 25 kwa sekunde. Ukizihifadhi zote kama zilivyo, CD nzima inajaa kwa dakika chache. Kwa hiyo MPEG-1, ile kanuni inayotumika kwenye VCD, inafanya ujanja. Inahifadhi picha nzima mara mojamoja tu, na kati ya hizo inaandika mabadiliko peke yake: mkono umesogea hapa, ukuta umebaki vilevile. Pia inagawa picha kwenye vipande vidogo vya mraba na kutupa vitu ambavyo jicho halivitilii maanani.

Ni kama kazi yangu. Mkutano wa saa tatu naufanya habari ya maneno 300. Sijadanganya, ila nimetupa. Mhariri akikosa nafasi ukurasani anaifanya 100. Mpaka hapo bado ni kweli. Sasa chukua ile ya maneno 100, umpe mtu ambaye hakuwa mkutanoni, umwambie airudishe kuwa 300. Ataandika 300, na zitasomeka vizuri tu. Lakini yale 200 aliyoongeza ni ya kwake, si ya mkutano.

Hii ndiyo siri nzima ya kugeuza video. Mengine yote ni majina.

Tukafika enzi ya memori kadi. Vijana wa Kahama wa rika langu mnaikumbuka: vibanda vya jirani na stendi, kompyuta moja yenye feni inayolia, karatasi ukutani iliyoandikwa "Tunaingiza nyimbo, video, muvi." Unatoa memori, fundi anaichomeka, unachagua. Simu zetu zilikuwa za Mchina, laini mbili, spika inayotikisa meza, na zilicheza video za aina moja: 3GP. Fomati hii ilitengenezwa na wenye mitandao ya simu kwa ajili ya vifaa vidogo na intaneti hafifu. Kipimo chake cha kawaida kilikuwa nukta 176 kwa 144. Zidisha: 25,344. Ni robo kamili ya VCD.

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 14 na mama alikuwa ameshatutoka. CD ya kwanza ya harusi ilikuwa imeshakwaruzika hadi deki inaitema. Nikaichukua ya pili, ile yenye maneno ya mama, nikaenda nayo kibandani. Kugeuza ilikuwa shilingi 500. Fundi akaniuliza kama aweke yote. Nikaangalia memori yangu ya MB 512, imejaa Bongo Fleva hadi shingoni. Nikamwambia weka dakika chache tu, kuanzia hapo kwenye viatu. Akakata dakika 11.

Hapo ndipo ninapojilaumu mwenyewe. Ningefuta nyimbo 20 tu ingetosha. Nyimbo hizo leo zote nazipata bure mtandaoni kwa sauti safi kuliko siku zilipotoka. Harusi ya mama yangu haipo popote.

CD zenyewe mwisho wake ni wa kuchekesha kama hausikitishi. Bibi mzaa baba alikuwa na shamba la mpunga, na mnajua ndege wanavyosumbua mpunga ukianza kukomaa. Dawa ya watu wengi ni kutundika CD kuukuu kwenye kamba, zinazunguka na upepo na kumulika. Siku moja nilikwenda shambani nikaona kwenye moja maandishi ya kalamu ya wino: "HARUSI 3." Jua na mvua vilikuwa vimeshamaliza kazi. Bibi hakuwa na kosa. Nyumbani zilionekana CD mbovu, na shambani zilikuwa zinafanya kazi.

Mwaka 2016 ulikuwa wa msiba kwa wenye video za zamani, ingawa hakuna aliyetangaza matanga. Tarehe 16 Juni TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, na simu nyingi za Mchina zikageuka saa za mezani, ya kwangu ikiwamo. Watu walizitupa pamoja na memori zikiwa ndani. Mwezi uliofuata, Julai, kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza. Mwezi mmoja simu, mwezi wa pili deki. Mimi nilichomoa memori kwa bahati tu, kwa sababu nilitaka zile nyimbo.

Sasa tuingie mtandaoni, maana wengi wenu ndiko mnakogeuzia video siku hizi.

Msingi wa jambo lenyewe uliwekwa mwaka 2000, pale Mfaransa Fabrice Bellard alipoanzisha FFmpeg, programu huria inayojua kusoma na kuandika karibu kila aina ya video. Haina sura wala vitufe, unaiandikia amri. Watu wachache wanaijua kwa jina, lakini huduma nyingi za kugeuza video zinaitumia chini kwa chini. Mwaka 2005 ikaja YouTube, iliyokuwa ikionesha video kwa fomati ya FLV kupitia Flash. Watu wakataka kuzihamishia kwenye simu, na simu zikataka 3GP au MP4. Pengo hilo likawa biashara. Mwaka 2006 ndugu wawili wa Uingereza, Mike na Chris Whyley, wakafungua Zamzar: unapakia faili, unachagua unataka liwe nini, unatumiwa linki kwa barua pepe. Jina walilitoa kwa Gregor Samsa, yule mtu wa Franz Kafka anayeamka asubuhi na kukuta amegeuka mdudu. Nadhani walitania, ila mimi naliona ni onyo zuri.

Kwetu wakati ule haikuwezekana. Intaneti ilikuja kwa setilaiti, ghali na ya kutambaa. Kupakia MB 50 kwenye kafe ya Kahama ilikuwa ni kuomba umeme usikatike kwa muda wa mchana mzima. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam Julai 2009, mkongo wa taifa ukasambaa mikoani, zikaja bando na simu janja, na kibanda cha stendi kikaanza kuhamia mfukoni mwa kila mtu.

Mwaka 2019 nilikuwa chuo. Usiku mmoja nikaamua kumrudisha mama. Nikatafuta tovuti ya kugeuza video bure, nikapakia ile 3GP, nikachagua MP4, tena HD. Moyo ulikuwa unanidunda jamani. Faili liliingia na MB 6, likatoka na zaidi ya MB 60. Nikasema sasa hapa kazi imefanyika.

Nikafungua. Mama yuleyule. Ukungu uleule, ila mkubwa.

Hesabu ni hii. HD ya kawaida ni nukta 1280 kwa 720, yaani 921,600. Mimi nilikuwa na 25,344. Kwa kila nukta moja niliyokuwa nayo, kompyuta iliweka nyingine 35 za kukisia kutoka kwa jirani zake. Ni yule mtu ambaye hakuwa mkutanoni, anaandika maneno 200 ya kwake. Uso wa mama kwenye 3GP una upana wa nukta kama 20, na jicho ni nukta mbili, pengine tatu, zimechanganyika na kivuli cha shela. Ndiyo maana mtoto hakuyaona. Hayapo. Yalibaki studio mwaka 2006, kibandani mwaka 2013, na shambani kwa bibi.

Cha ajabu ni sauti. 3GP inatumia sauti ya AMR, iliyotengenezwa kwa ajili ya maongezi ya simu. Imesomea koo la binadamu tu. Ngoma na vigelegele vya harusi imevikoroga hadi vinasikika kama mvua kwenye bati. Lakini ile sentensi ya viatu inasikika wazi, kama mama amenipigia simu.

Kuna jambo lingine lililonijia baadaye. Usiku ule nilimpakia mama yangu kwenye seva ya watu nisiowajua, katika nchi nisiyoijua, bila kusoma mstari mmoja wa masharti yao. Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu tovuti za kugeuza mafaili bure: nyingine zinakugeuzia kweli, lakini zinakurudishia faili likiwa na virusi au zinachota taarifa zilizomo ndani. Si zote, na zipo zinazofanya kazi kwa uaminifu. Ila sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, halafu wenyewe tunapeleka video za misiba, za watoto na za ndani mwetu kwa yeyote aliyeandika neno "bure". Mwenye kibanda cha stendi angalau ulijua anapokaa.

Kwa hiyo nimejifunza nini? Naomba niseme kwa lugha ya Kahama.

Kwanza, tofautisha gunia na kilichomo. MP4, AVI na MKV ni magunia tu. Ndani yake ndimo ulimo mpunga, yaani kodeki iliyotumika kubana picha na sauti. Wakati mwingine video haichezi kwa sababu ya gunia. Kuna namna ya kubadili gunia bila kugusa mpunga, na hapo hupotezi hata punje. Ukiona huduma inageuza video ya saa nzima kwa sekunde chache, yawezekana ndicho ilichofanya. Lakini kama inaukoboa upya, kila mara kuna pumba na chenga.

Pili, kwa video yenye thamani, tumia programu iliyo kwenye kompyuta yako. VLC, HandBrake na hiyo FFmpeg ni za bure kabisa, na faili halitoki chumbani kwako. Za mtandaoni ziachie klipu za utani wa WhatsApp.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike yote haya: kugeuza si kurudisha. Nakala mpya haiwezi kuwa na kitu ambacho ya zamani haikuwa nacho. Kwa hiyo usitupe ya kwanza eti kwa sababu umeshageuza. Fundi aliyesema CD haiozi alikosea, na mimi ninayesema leo MP4 haiozi nitakuwa nakosea vilevile. Flash yenyewe, iliyotuonesha YouTube ya kwanza, ilifungwa Desemba 2020. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba kanda za sumaku ambazo hazitakuwa zimehamishwa kufikia mwaka 2025 nyingi zitapotea. Hao wana bajeti, vyumba vya baridi na wataalamu. Sisi tuna makabati ya mama zetu.

Nilipomweleza baba swali la mjukuu wake, alikaa kimya kidogo, kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka yote hii. Mwaka 1997 mpiga video alitoa nakala moja ya kanda, na ilipelekwa kwa shangazi Nzega. Kesho yake nilikuwa kwenye basi.

Shangazi aliitoa chini ya sanduku la vitenge. Ipo. Ina ukungu mweupe kwenye ukingo wa utepe. Alitaka tuitafutie deki hapohapo kwa jirani tuitazame, nikamzuia, maana kanda yenye ukungu ukiichezesha kabla ya kusafishwa inaweza kukatika au kuchafua kichwa cha deki, na hapo umepoteza vyote viwili. Nimekuja nayo. Ipo mezani hapa ninapoandika, ndani ya kopo kavu. Ni nakala, si ya kwanza, kwa hiyo itakuwa imefifia. Lakini hata VHS iliyofifia ina macho.

Sasa natafuta vitu viwili: deki ya VHS inayofanya kazi, na fundi mzee anayejua kusafisha utepe bila haraka. Mwenye habari, iwe Kahama, Shinyanga, Mwanza au hata Dar, aniandikie. Na wewe ambaye Desemba hii unakwenda nyumbani, kabla hujauliza wali umeiva, uliza kanda ziko wapi.

Mtoto wa dada nimemwambia asubiri kidogo, bibi anatafutiwa macho yake. Akaniuliza kama na viatu vitaonekana.

Naomba kuwasilisha.